Njiti Kumi za Kiberiti Sokoni Chunya

Kwenye kabati la mama, hapa Mbeya, chini ya kanga za msibani na vyeti vya ubatizo, kuna kiberiti ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukiwasha. Boksi limepauka mpaka picha yake haionekani. Ndani kuna njiti kumi na moja. Nilipokuwa mdogo, usiku mmoja umeme ulikatika nami nikakikimbilia. Mama alinidaka mkono kabla sijakifungua.

"Hicho si cha moto," alisema. "Hiyo ni mizani ya bibi yako."

Bibi yangu mzaa mama aliuza mchele na ndizi kwenye uwanja wa soko la Chunya kwa zaidi ya miaka 40. Alitoka Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1950, msichana aliyeolewa juzi, akimfuata babu aliyepata kazi kwenye mgodi wa Saza. Babu alichimba dhahabu ya wazungu chini ya ardhi. Bibi alipokea dhahabu juu ya ardhi, pointi moja moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu kila mara, akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya sado la mchele wa Kyela. Watu wakisimulia historia ya Chunya husimulia upande wa babu. Mimi nataka kusimulia upande wa bibi, kwa sababu kuna neno baya alilotupiwa pale sokoni ambalo mama amelibeba moyoni tangu akiwa na miaka kumi, na mwaka 2024 tulikwenda kulipima.

Kwa asiyeijua Chunya, iko kaskazini ya jiji la Mbeya, kilomita 72 kwa barabara, upande wa pili wa milima. Ukiacha baridi na misonobari ya Kawetere unateremka kwenye joto, udongo mwekundu na miti ya miombo. Hiyo ndiyo nchi ya Lupa. Dhahabu ya kwenye vijito vya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, lakini mafuriko ya watu yalikuja muongo uliofuata, na chanzo chake kilikuwa mbali. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, pauni ikashuka, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Mwaka 1934 Marekani nayo ilipandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Wakati huohuo mkonge na kahawa vilikuwa havina bei. Mkulima mzungu aliyefilisika alichukua sururu na karai akaja Lupa. Wakaja Wagiriki, Makaburu, Waingereza. Wakaja Wahindi na maduka yao. Na wakaja vijana Waafrika kwa maelfu, wengi wao wakitembea kwa miguu kutoka Rungwe, Mbozi, Ufipa na hata ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha na fedha ilikuwa Lupa. Mji wetu wa Mbeya, uliokuwa kijimji kilichoanzishwa 1927, ulinenepa kwa dhahabu hiyo.

Sasa jiulize swali ambalo bibi alikuwa akituuliza sisi wajukuu: wale watu wote walikula nini?

Lupa si nchi ya mvua nyingi. Maji yenyewe yalikuwa ya shida kiasi kwamba wakati wa kiangazi wachimbaji walishindwa kuosha mchanga, wakaupepeta kwa upepo kama mwanamke anavyopepeta mchele kwenye ungo. Mchimbaji hakulima, hana muda. Kwa hiyo chakula kilitoka kwetu: mchele wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ndizi na maharage ya Rungwe, mahindi ya Mbozi, samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Wakulima wengi wa Rungwe na Kyela walianza kuulima mpunga kama zao la kuuza kwa ajili ya tumbo la Lupa. Mimi naamini kabisa kwamba uwanja wa soko ndio mgodi uliodumu kuliko yote. Mgodi wa Saza (New Saza) ulifunguliwa 1939 na ukafungwa 1956. Soko halikufungwa hata siku moja.

Bibi alikuwa na mizani aliyoitengeneza mwenyewe. Mama bado anaweza kuichora kwenye mchanga kwa kidole: ufito wa mtete urefu wa shibiri, umefungwa uzi katikati, kila ncha inaning'iniza kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, kimetobolewa matundu matatu kwa msumari, uzi wa kushonea umepita humo. Kifuniko cha kulia kiliwekwa dhahabu. Cha kushoto kiliwekwa njiti za kiberiti. Njiti moja, pointi moja. Pointi kumi, gramu. Ndivyo ilivyohesabiwa hapo uwanjani na ndivyo wachimbaji wengi walivyohesabu miaka mingi baadaye, na neno pointi bado liko midomoni mwao leo ingawa mizani sasa ni ya betri.

Mchimbaji alikuja jioni. Hakusema amekuja kuuza dhahabu, kwa sababu dhahabu ya mtu asiye na leseni ilikuwa kosa. Alisema amekuja kununua mchele. Aliinama, akafungua fundo la leso au unyoya wa kuku uliozibwa kwa nta, akadondosha vumbi la njano kwenye kifuniko. Bibi aliinua ufito, akakata pumzi. Mama anasema alizuia pumzi kweli, kwa sababu pumzi ya mtu aliyekaa karibu inatosha kukisukuma kifuniko cha kopo. Ufito ukitulia, njiti zinahesabiwa kwa sauti ya chini, kwa Kinyakyusa kama mchimbaji ni wa kwao, kwa Kiswahili kama si wa kwao. Kisha mchele unapimwa kwa sado, unajazwa mpaka unafanya kichuguu, na juu ya kichuguu bibi anaongeza konzi moja ya nyongeza. Baada ya siku mbili tatu, vumbi likiwa limetosha, bibi naye alilipeleka kwa mnunuzi aliyekuwa na duka pembeni mwa uwanja. Pale alikuwa yeye muuzaji, na mizani ilikuwa ya mwingine.

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo penye uchungu.

Njiti ya kiberiti ni mti. Mti hunywa maji. Njiti iliyolala kwenye kikombe chenye unyevu, au iliyopakwa mafuta ya taa kidogo ikakauka nje tu, inaonekana sawa na nyingine zote lakini ni nzito zaidi. Mnunuzi mwenye njiti nzito anakupunja: dhahabu yako yenye pointi kumi inaonekana tisa. Bibi alilijua hilo baada ya kuumizwa. Kwa hiyo alinunua kiberiti chake, akamwaga njiti kwenye ungo, akazianika juani pamoja na mchele, akazirudisha kwenye boksi, na boksi akalifunga kwenye pindo la kanga kiunoni, karibu na mwili, pasipo na umande. Akienda kwa mnunuzi alisema: "Mizani yako, njiti zangu." Wengine walimfukuza. Alikwenda duka la pili, la tatu, mpaka akampata aliyekubali.

Jambo ambalo mama hulirudia kila mara ni kwamba njiti za kupokelea dhahabu kwa mchimbaji na njiti za kuuzia kwa tajiri zilikuwa zilezile. Angeweza kuwa na viberiti viwili. Wapo waliokuwa navyo: kimoja kizito cha kupokelea, kimoja chepesi cha kuuzia. Bibi alikuwa na kimoja.

Saza ilipofungwa mwaka 1956, mama alikuwa na mwaka mmoja. Wazungu wengi waliondoka, mashine zikang'olewa au zikaachwa zishikwe na kutu, nyumba za mabati zikabaki milango wazi. Babu alirudi Rungwe. Bibi alikataa kurudi. Alimwambia babu, kwa maneno yaliyobaki kuwa msemo wa ukoo wetu, kwamba mchele hauulizi mgodi wa nani. Babu alikasirika mwaka mzima, kisha akarudi Chunya na gunia la mpunga begani.

Miaka iliyofuata dhahabu haikuisha. Ilirudi mikononi mwa watu wadogo. Waliosha mabaki ya mchanga wa wazungu, waliingia kwenye mashimo yaliyoachwa, walichimba kando ya vijito baada ya masika. Mwaka 1965, siku moja ya soko, mchimbaji mmoja alileta fundo aliloamini lina pointi kumi na tano. Njiti za bibi zikasema kumi na mbili. Alipima mara ya pili, kumi na mbili. Yule bwana alisimama, akalipiga teke sado la mchele, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Mwizi wa pointi!"

Mama alikuwa pale. Alikuwa na miaka kumi, amekaa nyuma ya bibi akifunga vifurushi vya chumvi. Anakumbuka kwamba bibi hakujibu neno. Alimrudishia yule mtu dhahabu yake yote kwenye leso, akapiga magoti, akaanza kuokota mchele kwenye vumbi. Waliokota wawili mpaka giza likaingia. Mchele ule ulikuwa na mchanga kiasi kwamba waliuchagua siku mbili kwenye ungo na wakaula wenyewe, kwa sababu bibi hakukubali kuuza chakula chenye mchanga. Shuleni watoto walimpa mama jina. Mtoto wa Pointi. Alilibeba mpaka darasa la saba.

Nimesikia hadithi hii mara nyingi, na kila mara mama huimalizia kwa swali ambalo halijibu. Je, kama kweli? Kama njiti zilikuwa nzito, na bibi hakujua?

Mimi nimeijua Chunya kwa likizo za shule, miaka ya 1980 mwishoni. Tulipanda lori Mbeya alfajiri, juu ya magunia, tukajifunika turubai kupita Kawetere kwa sababu baridi ya pale inauma mifupa. Tulipofika Chalangwa tayari tunavua masweta. Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo. Leo ni lami, unafika saa moja na nusu, na watoto wangu hawaamini ninapowaambia kwamba tulilala njiani mara mbili.

Uwanja wa soko niliukuta wa udongo, umezungukwa na maduka ya zamani yenye veranda na mapaa ya mabati yaliyoiva kutu. Wakati wa tumbaku ulijaa, maana wakulima wa Lupatingatinga walikuwa na fedha. Wakati mwingine ulikuwa wa watu wachache, asali ya miombo kwenye madumu, kambale wakavu waliofungwa mafungu, ndizi za kwetu zilizoiva njiani. Bibi alinifundisha kufagia. Kila jioni, wauzaji wakiondoka, yeye alifagia mahali pake tu, hatua nne kwa nne, mbele ya kigoda. Hakufagia kwa ajili ya usafi. Vumbi alilikusanya kwenye kopo. Kopo likijaa tulilipeleka kijitoni, akalimimina kwenye karai, akaliosha kwa kuzungusha viganja taratibu, maji yakitoka na udongo, mpaka ukabaki mkia wa mchanga mweusi, na kwenye ncha ya mkia, siku nyingine, chembe mbili tatu zinazong'aa. Dhahabu iliyodondoka vidoleni mwa watu wakati wa kupima. Kila mwanamke pale alikuwa na hatua zake nne na hakuna aliyefagia za mwenzake. Sijaona hati ya kiwanja iliyoheshimiwa kama ile.

Kitu kingine nilichokiona wakati huo, na ambacho sikukielewa, ni mikono yake. Wachimbaji wa miaka hiyo walileta dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, kitonge cha kijivu laini kama ugali wa baridi. Kitonge hakipimwi hivyo, kwa sababu zebaki ina uzito wake. Lazima kichomwe kwanza. Bibi alikichoma kwenye jiko lilelile la kupikia, juu ya kipande cha bati, amekikaribia ili aone kinavyobadilika kutoka kijivu kuwa njano. Moshi wake hauonekani na hauna harufu. Miaka ya mwisho mikono ilimtetemeka. Sisi tulisema ni uzee, na huenda ulikuwa uzee. Lakini leo najua zebaki inafanya nini kwenye mishipa ya fahamu ya mtu anayeivuta mwaka baada ya mwaka, na ninapopita kwenye mialo, mahali wanaposagia na kuoshea dhahabu, nikaona mama lishe amemweka mtoto mgongoni hatua mbili kutoka mahali wanapochoma, nashindwa kupita kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Vyombo vya kunasia moshi vipo na si vya bei ya kutisha. Bado wengi wanachoma kwenye bati.

Bibi aliacha kupima mwaka 1994. Ufito ulikuwa hautulii tena. Alisema mizani inayotetemeka inamwibia mmoja kati ya watu wawili na yeye hawezi kujua ni yupi, akamkabidhi mama kiberiti, akaendelea kuuza ndizi kwa miaka michache kwa fedha tu.

Juni 2024 mama aliniambia anataka kwenda Chunya. Alikuwa na miaka 69, magoti yanamsumbua, sikutegemea. Asubuhi ya safari alitoka chumbani amevaa kitenge kipya, na kiberiti kiko kwenye pindo, kiunoni. Hakueleza na sikuuliza.

Tangu 2019 dhahabu ya Chunya inauzwa kwenye soko la madini, kama ilivyo Geita na mikoa mingine yenye madini. Ni jengo lenye ulinzi. Ndani kuna madawati ya wanunuzi wenye leseni na maofisa wa serikali. Mchimbaji anaingia na mzigo wake, unayeyushwa, unapimwa uzito, unapimwa usafi kwa mashine ya mionzi inayosema hii ni asilimia ngapi dhahabu na asilimia ngapi fedha na shaba, na bei inafuata soko la dunia la siku ile. Tulipokwenda, serikali ilikuwa inachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na halmashauri ushuru wake wa huduma. Mwaka uleule wa 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na hapo ndipo wengi walipoona hakuna sababu ya kujificha tena.

Nitasema wazi kwamba nafurahi. Nilisimama mle ndani nikamtazama kijana mwenye matope kwenye buti akisoma namba kwenye kioo cha mizani, namba ileile anayoisoma mnunuzi, kwa wakati mmoja, na koo lilinibana. Bibi alizunguka maduka matatu akitafuta hicho.

Lakini dawati halimwoni mwanamke wa mchele. Huko maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, mama lishe anapika kwa mkopo miezi mitatu, minne, akisubiri duara litoe. Likitoa, mwenye duara anakuja sokoni, anauza, analipwa kwa risiti, na deni la ugali linategemea moyo wake. Lisipotoa, deni limekufa na shimo. Rafiki yangu mmoja anayepikia upande wa Makongolosi ana daftari lenye majina 60. Ameyapiga mstari 22, maana wenyewe wamehama. Zamani pointi zilipita mkononi mwa mpishi kwanza. Sasa zinapita mwisho, kama zinapita. Mimi sitaki zirudi gizani. Nataka deni la chakula liandikwe pamoja na deni la baruti na deni la karasha, mashine ya kusagia mawe, pale mgawanyo unapofanyika, kwa sababu duara halichimbwi na mtu mwenye njaa.

Kijana wa jirani yetu wa zamani anafanya kazi kwenye dawati moja. Alimwona mama akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina mzigo mdogo wa kupima."

Alimtengenezea nafasi, akasogeza mizani, akasubiri dhahabu. Mama alifungua pindo, akatoa kiberiti, akatoa njiti moja moja akazipanga mezani mpaka zikafika kumi. Ya kumi na moja akaiacha ndani. Kijana alinitazama, nikamwambia, pima tu. Akazipanga kwenye sahani ya mizani kwa uangalifu ule anaoutumia kwa dhahabu. Namba zilicheza kidogo, zikatulia.

0.93.

"Gramu moja kasoro sehemu saba za mia," kijana alisema. "Njiti nyepesi, mama. Aliyetumia hizi kupokea dhahabu alikuwa anajipunja yeye."

Mama hakusema kitu. Akamwomba azitoe, azirudishe, apime tena. 0.93. Kijana, kwa uaminifu wake, akaeleza kwamba mti ukikaa miaka mingi hupoteza maji, kwa hiyo huenda zamani zilikuwa nzito kidogo kuliko hivi. Mama akatikisa kichwa.

"Zilianikwa na mchele," alisema. "Kila wiki. Mimi ndiye niliyekuwa nafukuza kuku."

Nimefanya hesabu mara kadhaa tangu siku ile. Kwa njiti hizo, yule bwana wa 1965 mwenye pointi kumi na mbili za bibi, kwa mizani ya leo angekuwa na gramu 1.12 hivi, yaani pointi kumi na moja na kidogo. Bibi alikuwa tayari kumlipa mchele wa pointi kumi na mbili. Na konzi ya nyongeza juu.

Mama alizirudisha njiti kwenye boksi, akazihesabu, akafunga pindo. Tulipotoka nje aligeuka upande wa soko la zamani bila kuniambia, akatembea haraka kuliko nilivyomwona akitembea mwaka mzima. Vibanda vimeongezeka, sehemu kubwa ina sakafu na mapaa mapya. Alipita kati ya mafungu ya dagaa na mitumba, akisimama, akirudi, akiangalia kona ya veranda fulani, akihesabu hatua kwa sauti. Akasimama kwenye kipande cha udongo kati ya ukuta na meza ya msichana anayeuza nyanya.

"Hapa."

Hakuna kibao pale. Magofu ya mgodi yanatembelewa, watu wanapiga picha mashine za wazungu zilizoota majani, na ni haki yake, hata mimi nimepiga. Lakini wazee waliokaa kwenye uwanja huu wanazikwa kila mwaka na hesabu zao. Nimeshaanza kuwafuata wachache waliobaki na simu yangu ya kurekodia. Ukiwa na bibi au babu aliyeuza chochote Chunya, Saza au Makongolosi, muulize leo njiti zake alizianika wapi.

Mama alimwomba msichana wa nyanya ufagio. Msichana akasema, "Acha mama, nitafagia mimi," akadhani ni adabu ya mgeni kuona aibu ya uchafu. Mama akaukamata ufagio. Alifagia hatua nne kwa nne, akainama pamoja na magoti yake, akakusanya vumbi kwenye upindo wa kitenge kipya, akafunga fundo. Kisha akanunua sado la mchele kwa mwanamke wa kibanda cha pili, Mnyakyusa, wakasalimiana kwa "ugonile" na wakachelewa hapo nusu saa wakitafuta undugu mpaka wakaupata.

Jioni, Mbeya, aliweka karai chini ya bomba la uani. Nilidhani amesahau anavyofanya. Ni miaka 50. Alilijaza maji, akalegeza viganja, akaanza kuzungusha. Udongo mwekundu ulitoka kwa wimbi dogo dogo. Alimwaga, akajaza, akazungusha. Giza lilikuwa linaingia nikamletea taa ya simu. Chini ya karai ulibaki mkia wa mchanga mweusi, mwembamba kama nyusi. Tuliinama wote wawili. Alinizuia nisiusogelee.

"Usipumue hapo," alisema.

Alilibeba karai kwa mikono miwili, akaliweka juu ya ukuta wa uani ili jua la kesho likaushe, akaniambia mtu asiliguse.